Bwana Nyama na Risasi Yake Moja

Bwana Nyama alivaa saa mbili, moja kila mkono, na ukimuuliza saa ngapi alizitazama zote kabla ya kukujibu. Mfukoni alibeba viberiti vitatu ingawa hakuvuta sigara. Mlango wa nyumba yake pale Kagongwa ulikuwa na kufuli mbili na komeo, na hata baada ya kuufunga alikuwa akigeuka njiani, anarudi kuusukuma kwa bega aone kama umefungwa kweli. Chai aliitia sukari, akaionja, akaitia tena. Na mtu huyu ndiye aliyewaambia watu maisha yake yote kwamba mwindaji anahitaji risasi moja tu.

Jina lake ninalijua, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, hata mkewe. Alikuwa askari wa wanyamapori miaka mingi, na huku kwetu askari wa namna hiyo huitwa bwana nyama, awe mwema au mbaya. Wenzake walipostaafu jina liliwatoka pamoja na sare. Yeye lilimganda.

Tulijuana siku niliyopeleka maombi ya kumiliki bunduki. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kutoka kwa marehemu baba nilirithi hamu ya nyama ya porini, sikurithi kingine. Nilitaka kuwinda kwa leseni, kama raia mwingine yeyote. Kamati iliyoketi pale ofisini ilinitazama kama niliyeomba kuwa shehe.

"Mumeo anasemaje?" aliniuliza mmoja wao.

"Mume wangu anaogopa panya," nikajibu. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Walicheka, lakini kalamu hazikusogea. Bwana Nyama alikuwa pembeni, ameitwa kutoa ushauri kwa sababu ya ujuzi wake. Akaomba aniulize swali moja.

"Mwalimu, darasani kwako ukimuuliza mtoto swali akakaa kimya, unafanyaje? Unamrukia mwingine?"

"Namsubiri."

"Unamsubiri mpaka lini?"

"Mpaka ajibu, au mpaka nione kwamba swali langu ndilo baya."

Akawageukia wenzake. "Huyu mpeni."

Basi wiki iliyofuata nikaenda kwake kumshukuru, na kumwomba ushauri: ninunue bunduki ya aina gani? Nilidhani nitakaa nusu saa. Mjadala ule ulichukua karibu miaka miwili.

Bunduki yake ilikuwa ya risasi moja moja, yenye mtutu mrefu, kitako chake cha mti kimekuwa cheusi kwa jasho la shavu. Chini ya triga palikuwa na wenzo. Ukiuvuta, kipande cha chuma kinashuka, tundu linafunguka, unaingiza risasi kwa kidole kama unavyomlisha mtoto, kisha unafunga. Ukishapiga, unaanza upya. Porini alikwenda na risasi tatu: moja ndani ya bunduki, moja mfuko wa shati, na ya tatu ambayo hakuwahi kutuambia ni ya nini.

"Hii," alikuwa akisema, akiipapasa, "haina sehemu ya kuwekea lisasi tano. Kwa hiyo mtutu wake unaweza kuwa mrefu na bunduki yenyewe isiwe ndefu. Lisasi inakaa moja kwa moja, haisukumwi na springi, haikwaruzwi. Na mwenyewe unajua unayo moja. Ukijua unayo moja unatulia."

Matamshi yake yalikuwa ya Kisukuma safi, na risasi kwake ilikuwa "lisasi" siku zote. Mimi nilimjibu kwa fizikia. Nilimwambia kwamba bunduki za magazini za siku hizi, zile zinazobeba risasi tano kwa pamoja, zinalenga sawasawa na yake, pengine kuizidi. Nilimchorea kwenye mchanga jinsi risasi inavyoanguka: tangu inapotoka mtutuni inaanguka kama jiwe lililodondoshwa, tofauti ni kwamba inaanguka huku inakimbia. Mnyama akiwa mbali, kosa dogo la kukadiria umbali linakuwa kosa kubwa mwilini mwake. Ukimjeruhi, nikasema, risasi ya pili iliyo tayari ndiyo huruma yenyewe.

Alikitazama kile kielelezo kwa heshima kubwa, akakizunguka, akakitazama kutoka upande wa pili.

"Nimekuelewa, Mwalimu. Sasa kama kosa ni umbali, kwa nini usitembee ukamsogelea?"

Hapo ndipo tulipokuwa tukikwama kila mara. Mpaka wake ulikuwa hatua mia mbili. Zaidi ya hapo hakupiga hata mnyama awe amesimama ubavu kama picha ya ukutani. Ili macho yake yasisahau mia mbili ni ipi, alikuwa akipima kila kitu mjini kwa miguu. Ungemwona katikati ya barabara anatembea kwa mwendo wa gwaride, midomo inacheza, na watu wa pikipiki wanampigia honi. Ukimsalimia alinyanyua kidole kimoja kukuambia ungoje, anamaliza kuhesabu. Aliweza kukuambia hatua za kutoka mashine ya kusaga mpaka msikitini, na kutoka msikitini mpaka kwa muuza vocha. Kwenye arusi ya binti wa jirani alipewa nafasi ya kutoa nasaha, akasimama, akawatazama maharusi waliokaa mwisho wa ukumbi, akasema, "Hatua thelathini na nne. Mnapatikana kabisa." Akakaa. Upande wa bibi arusi hawakujua wacheke au waulize maana yake.

Mkewe, Mama Kulwa, ndiye aliyekuwa mpinzani wake mkubwa kuliko mimi.

"Risasi moja!" alikuwa akiniambia huku akinisogezea sahani ya michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo mumewe alivitafuna kutwa. "Huyu huyu? Akitaka chumvi anaiomba mara tatu, na chumvi iko mbele yake. Akienda Isaka ananiaga mlangoni, ananiaga barabarani, halafu anapiga simu kuniaga."

"Wabeja, mayu," alikuwa akijibu mzee kwa Kisukuma, kumshukuru, kana kwamba amesifiwa.

Ni Mama Kulwa pia aliyenieleza ile risasi moja ilitoka wapi. Siku hiyo mumewe alikuwa amekwenda kupima hatua za barabara mpya, na sisi tulikuwa tunapepeta mtama uani.

Zamani, alisema, wakati yeye bado msichana kwa baba yake, tembo waliingia mashambani. Serikali ikamtuma askari mgeni, kijana mwembamba, mwenye bunduki ya magazini ya ofisi. Tembo mmoja aligoma kuondoka. Askari akapiga hewani, tembo hakujali. Akapiga tena. Hofu ikamwingia, na kidole kikashika kazi peke yake: akavuta komeo la bunduki akapiga, akavuta akapiga, na mtutu ukashuka kidogo kila mara bila mwenyewe kujua.

"Mimi nilikuwa ghalani nachota mtama," alisema Mama Kulwa. "Nikasikia kitu kimepita hapa." Akagusa hewa karibu na sikio lake. "Risasi iliingia ukuta huu ikatokea ukuta ule. Kilindo, lile pipa la gome la mti, kikapasuka, mtama wote ukanimwagikia kichwani. Nikatoka nje mweupe kwa vumbi kama mzimu. Nilimtukana yule askari, nikamtukana na mama yake aliyemzaa, nikamtukana mpaka tembo akaona aibu akaondoka."

"Naye alifanyaje?"

"Alikaa chini. Akaweka bunduki mbali na yeye, akalia. Mtu mzima na kofia ya serikali." Aliendelea kupepeta. "Kesho yake akaja na miti ya kutengeneza ghala. Kazi ya siku moja ile. Yeye aliifanya mara tatu. Anamaliza, anabomoa, anasema haijanyooka. Baba yangu akaniambia, huyu haijengi ghala."

Nilicheka mpaka ungo ukanitoka mkononi. Lakini usiku ule nilikumbuka jinsi Mama Kulwa alivyogusa hewa pembeni ya sikio, na toka siku hiyo sikumchorea tena mzee vielelezo kwenye mchanga kwa kumdharau.

Sasa, mjadala huu wa watu wawili ungeweza kubaki uani kama asingekuja Bosi. Huyu alikuwa na maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, huko Rwamgasa, mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuitisha kuku wa mitaa mitatu. Alijenga Kagongwa kwa sababu, alisema, Rwamgasa kila ukichimba msingi wa nyumba watu wanakuja na karai kukusaidia. Akanunua bunduki ya magazini yenye darubini kubwa kama chupa ya chai, akaileta kwa Bwana Nyama kuionyesha.

Mzee aliishika vizuri, akaitazama, akaisifu kwa haki. "Bunduki nzuri sana." Kisha akaongeza, "Tano za nini?"

"Mzee wangu, kama ya kwanza ikikosa?"

"Kwa nini ikose?"

"Si inatokea!"

"Inatokea kwa sababu una nne nyingine."

Wakabishana wiki nzima, kwenye kibanda cha chai, kwenye bucha, mpaka kwenye foleni ya kunyolewa. Mwisho tukaenda kiwanja cha shabaha kilichoruhusiwa, tukasimamisha madebe hatua mia tatu, na mzee akakubali kuvuka mpaka wake kwa kuwa debe haliumii. Bosi akapiga tano, nne zikapiga debe. Watu wakashangilia. Bwana Nyama akalala chini, akalenga muda mrefu hadi mmoja akauliza kama amesinzia, kisha akapiga. Debe likaruka. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Endelea basi," Bosi akamwambia.

"Nimemaliza."

"Umeogopa ya pili!"

"Debe limekufa, Bosi. Nilipige la nini?"

Wakanigeukia mimi niamue, kwa kuwa ni mtu wa sayansi. Nikasema kwamba jaribio la mara moja halithibitishi kitu. Bwana Nyama alininunia mpaka tulipofika nyumbani.

Msimu ulipofunguliwa tukapata leseni za wenyeji, tukaenda pori la upande wa Ushirombo: Bosi, Bwana Nyama, mimi ambaye bado sikuwa na bunduki, na askari wa zamu aliyetakiwa kuwa nasi kisheria. Asubuhi ya pili tukawaona nyamera, wale swala wakubwa, kwenye mbuga iliyo wazi, rangi yao inang'aa kama ubao uliopakwa vanishi. Mzee alikadiria kwa macho tu: hatua mia tatu na hamsini. Akaanza kukunja mikono ya shati ili atambae.

"Subiri, Bosi," alisema. "Kuna korongo pale kushoto. Tukipita humo tunawakuta karibu."

"Darubini inamwona mpaka kope, mzee."

"Kumwona si kazi."

Bosi akapiga. Ya kwanza ilirusha vumbi chini ya tumbo la mnyama. Kundi likaanza kukimbia naye akaanza kupiga kwa kulifuata, komeo linakwenda na kurudi, na ninaapa nilimwona Bwana Nyama akifumba macho kila mlio, kama mtu anayehesabu kitu kingine kabisa. Ya tatu ilisikika tofauti, mlio wa kitu laini. Dume mmoja akajikunja nyuma, kisha akaendelea kukimbia na wenzake.

Bosi akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nimemgusa."

"Umemgusa," Bwana Nyama akakubali. "Sasa tunamfuata."

Hakumlaumu, si wakati ule wala baadaye. Tulimfuata yule nyamera tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kuinamia upande wa pili. Mzee alitangulia, ameinama, anaonyesha kwa jani tone la damu ambalo mimi nisingeliona hata kwa hadubini ya shule. Palipokosekana damu aliona unyasi uliolala. Maji yaliisha. Bosi, na mwili wake wote ule, alivua viatu vilivyomchubua akatembea na soksi, na hata mara moja hakusema turudi. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kumpenda.

Tulimkuta amelala kwenye kivuli cha miombo, kichwa juu bado, ubavu unapanda na kushuka haraka. Hatua sitini, si zaidi. Bwana Nyama akanyanyua mkono tusimame. Akapiga goti, akangoja. Kila kitu alikifanya kama alivyokifundisha siku zote. Akapiga.

Kijiti chembamba, unene wa kalamu, kilichokuwa kati yake na mnyama kikakatika, risasi ikapinda. Nyamera akainuka kwa miguu mitatu.

Nilimwona mzee akivuta wenzo. Nilimwona akipeleka vidole mfuko wa shati, na vidole vile, vilivyokuwa vimeshinda njaa na kiu tangu alfajiri, vikaitoa risasi na kuiangusha kwenye majani. Akaipapasa. Yule mnyama alikuwa anajikokota kuelekea vichakani, anatoa sauti ambayo sitaieleza.

"Bosi," mzee akasema bila kuinua kichwa, "nisaidie."

Bosi alipiga mara moja, vizuri, na ikawa mwisho.

Mtu huyu mpenda maneno alikuwa na haki ya kutamba hadi Krismasi. Badala yake alikwenda akapiga magoti karibu na mzee, wakaitafuta pamoja ile risasi kwenye majani mpaka wakaipata. Njia nzima ya kurudi Bosi hakuutaja mjadala, na nilimwona Bwana Nyama akimtazama pembeni kwa wasiwasi, kama mtu aliyejiandaa kupigwa na hapigwi.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwangu. Alibisha mara tatu, akangoja, akabisha tena.

"Shikamoo, Bwana Nyama."

"Marahaba, Mwalimu. Nunua ya magazini."

Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nimeshazeeka na kosa langu, tumezoeana. Lakini wewe nunua ya magazini. Nimelala nikiisikia ile sauti." Akafika getini, akageuka. "Usiseme nimesema."

Sikusema. Nikanunua ya magazini, na hadharani aliendelea kuniita msaliti mbele ya wanywa chai wote. Faraghani alinifundisha kuitumia. Alinilaza kifudifudi uani kwake na bunduki tupu, akiweka sarafu juu ya mtutu, nivute triga sarafu isianguke. Kila nikijiandaa kupiga aliuliza swali lile lile: nyuma yake kuna nini? Nikisema hakuna kitu, aliniambia nisimame nikaangalie. Nyuma ya ukuta wa uani kulikuwa na Mama Kulwa, mara zote, anaanua nguo.

Macho yalimwacha polepole. Kwanza alianza kupima hatua kwa kushika ukuta. Halafu akazivaa saa zote mbili kwa mazoea tu, anawauliza wapita njia saa ngapi. Siku ya kuhakiki silaha aliirudisha bunduki yake polisi mwenyewe, kwa hiari, akampa ofisa maelezo marefu ya jinsi ya kuipaka mafuta. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mzee alilisimulia kwa fahari kuliko wanyama wote aliowahi kupiga.

Msimu uliopita nilikwenda kumuaga kabla ya kuingia porini. Akasema anakuja.

"Utaona nini?" Mama Kulwa akamuuliza.

"Sitaki kuona. Nataka kuwa pale."

Tukaenda, yeye, mimi na askari wa zamu, binti mmoja mpole aliyemshika mzee mkono kwenye mawe bila kuambiwa. Mchana wa kwanza tulimpata nyamera dume, yuko peke yake, amesimama mbele ya kichuguu kirefu kama wanavyopenda. Nilikuwa mbali naye. Bwana Nyama, ambaye hakuona mnyama wala kichuguu, alininong'oneza, "Hatua ngapi?"

"Mia tatu."

"Twende basi."

Tulitambaa. Mzee alitambaa nyuma yangu ameshika kisigino cha kiatu changu ili asipotee, na kila nikisimama alisimama, na nilisikia pumzi yake nikaogopa itamwishia. Sijui tulichukua muda gani. Tulipofika nilipotaka, nikamwambia sikioni: mia moja na arobaini.

"Upepo?"

"Usoni kwetu."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Kichuguu. Udongo mtupu."

Akaachia kisigino changu. Nikalenga, nikatulia, nikavuta.

Nikakosa. Vumbi lilitoka kwenye kichuguu, shubiri moja juu ya mgongo wake. Nyamera akashtuka, akapiga hatua mbili, akasimama tena ubavu, anatafuta mlio umetoka wapi. Nami nikaganda. Nilikuwa na nne ndani ya bunduki na sikuthubutu kugusa komeo, kwa sababu ya aliyelala pembeni yangu.

"Bado yupo?" akanong'ona.

"Yupo. Amesimama."

"Sasa unangoja nini, Mwalimu?"

Nikavuta komeo taratibu, nikalenga chini kidogo, nikapiga. Nyamera akaanguka pale pale, hakuinuka. Askari akatangulia kwenda kuhakikisha, akatupungia mkono.

Nilimwinua mzee, nikampangusa majani kifuani. Uso wake ulikuwa unaelekea upande usio sahihi, kwenye miti mitupu, anatabasamu.

"Ameanguka?"

"Ameanguka, Bwana Nyama. Ila nilikosa ya kwanza. Nimepiga mbili."

Alitafuta bega langu kwa mkono, akalipata, akalishika.

"Macho ndiyo mabovu, Mwalimu," akasema. "Masikio ni mazima. Mimi nimesikia moja."